Mpwa wangu anasema albamu ya kwanza ya Backstreet Boys ni ya 1997, kaseti yangu inasema 1996. Nani alipe chipsi kuku?

Shangazi_Ngamiani

Habari za jioni wadau. Naomba msaada wenu kabla sijalipia chipsi kuku ambayo naamini si deni langu.

Wiki iliyopita mchwa waliingia stoo, ikabidi nitoe kila kitu nje. Chini kabisa nikakuta boksi la viatu lenye kaseti zangu za sekondari. Nyingi zimeota ukungu, mbili zimetafunwa na panya, lakini moja imetoka salama: Backstreet Boys. Nikaifuta, nikaingiza kalamu ya Bic kwenye tundu nikazungusha mkanda maana ulikuwa umelegea, nikaichomeka kwenye redio kaseti ya mama. Ikakoroma kidogo, halafu ikaimba. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikasikiliza upande A wote, mchwa nikawasahau.

Sasa mpwa wangu yuko kwangu likizo, yeye ni wa 2001. Kanikuta pale nje naitikia peke yangu. Nikamwambia hii ndiyo albamu yao ya kwanza, niliipata nikiwa kidato cha pili, bweni, Korogwe, mwaka 1996. Kijana akatoa simu hata hajakaa: "Shangazi, albamu ya kwanza inaitwa Backstreet Boys, imetoka tarehe 12 Agosti 1997. Hiyo 1996 ulikuwa unasikiliza ndoto?" Tukawekeana chipsi kuku, nusu kuku nzima, na soda mbili.

Ushahidi wangu ni karatasi ya ndani ya kaseti. Imeandikwa kwa peni ya bluu "BACKSTREET BOYS DES 96", mwandiko wa rafiki yangu aliyekuwa analala kitanda cha juu. Kaka yake alikuwa Dar, alimrekodia, naye akanirekodia mimi tulipofunga shule. Nikamwonyesha mpwa, akasema mtu anaweza kuandika mwaka wowote anaoutaka.

Ila kuna mambo yananichanganya hata mimi mwenyewe. Kaseti yangu ina nyimbo ambazo kwenye orodha aliyonionyesha hazipo kabisa, kwa mfano "Let's Have a Party" na "Roll with It". Ule wa "Everybody" ambao kila mtu anaujua, kwangu haupo. Halafu "Quit Playing Games" si ileile. Kwenye simu yake ubeti wa pili anaimba yule mtoto mwenye nywele za dhahabu, Nick. Kwenye kaseti yangu ubeti wa pili anaendelea yuleyule wa ubeti wa kwanza, Brian, mwenye sauti kama anataka kulia. Nimerudisha nyuma mara nne. Si masikio yangu.

Na hapa ndipo mpwa alipoona ameshanila kuku: mwisho wa upande B kuna "As Long As You Love Me". Anasema huo wimbo ni wa 1997, basi kaseti yako ni ya 1997 au baadaye, shangazi lipa. Nikakosa jibu.

Mwenye kujua anieleze taratibu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, ya muziki siyajui sana.

---

Mtoto_wa_Sinza

Shangazi lipa kuku tu. Mitandao yote inasema 1997. Na limao usisahau.

---

Fundi_Dabodeki

Wewe wa Sinza kaa kando kidogo, mambo haya yalikuwa kabla hujazaliwa.

Mwalimu, usilipe. Na mpwa wako hajadanganya. Amesoma tarehe ya Marekani akadhani ni tarehe ya dunia nzima.

Nijitambulishe kidogo. Kuanzia 1991 mpaka 2003 nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi. Dabo deki mbili, yaani mashine za kunakili kaseti moja kwenda nyingine, ampulifaya moja, na feni ya kupoza zote. Mteja analeta kaseti tupu au ananunua kwangu, anachagua kwenye daftari, kesho anarudi kuchukua. Ndiyo, najua, kazi ile leo ina jina lake mbele ya sheria. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa 1999 na hata baada ya hapo tuliendelea kama vile hatujaisikia. Sijisifu, naeleza nilikozijua hizi nyimbo. Vijitabu vya ndani ya CD nilivisoma kuliko daftari zangu za shule.

Sikiliza basi. Hawa vijana watano walikusanywa Orlando, Florida, 1993. Jina wamelitoa kwenye soko la wazi la mjini hapo lililoitwa Backstreet Market, yaani kama mtu wa hapa aite bendi yake Tandika. Lebo yao, yaani kampuni ya kutoa rekodi zao, ilikuwa Jive. Juni 1995 wakapelekwa Stockholm, Sweden, kwenye studio ya Cheiron ya mtu aitwaye Denniz PoP, ambako kulikuwa na kijana mmoja wa kuandika nyimbo, Max Martin, wakati huo hajulikani na mtu. Wakarekodi "We've Got It Goin' On". Kazi iliyopangiwa wiki wakaimaliza kwa siku mbili hivi, na muda uliobaki wakaugusa wimbo mwingine, ambao ndio "Quit Playing Games".

Huo muda uliobaki ndio jibu la ubeti wako wa pili. Nick alikuwa na miaka 15, na kwenye kurekodi kule kwa kwanza hakupewa ubeti. Brian alibeba wa kwanza na wa pili. Baadaye ulipoamuliwa wimbo utoke kama singo, wakamrudisha Nick studio akaimba ubeti wa pili, wakaufuta wa Brian. Kwa hiyo mwalimu, ukimsikia Brian kwenye ubeti wa pili, umeshika rekodi ya mwanzo kabisa. Mimi mwenyewe mara ya kwanza kuusikia ule wa Nick nilidhani deki yangu imeanza kulegea ukanda, maana ukanda wa deki ukilegea sauti zinabadilika. Nilinunua ukanda mpya bure.

Turudi. Singo ya kwanza ikatolewa Marekani mwaka 1995, ikaishia nafasi ya 69 kwenye chati ya Billboard. Huko redio zilikuwa zinataka rap na magitaa ya kupiga kelele, nani ana haja na wavulana watano wanaocheza kwa mpangilio? Lakini Ujerumani wimbo uleule ukaingia tano bora. Basi mameneja wakafanya kama mchuuzi wa samaki: soko hili wamenuna, beba kapu peleka soko la pili. Wakahamia Ulaya, wakawa wanazunguka miji ya Ujerumani, Austria, Uswisi. Albamu ikatoka huko Mei 1996. Jina lake Backstreet Boys, nyimbo 13. Marekani haikuuzwa.

Hiyo ndiyo uliyonayo. "Let's Have a Party", "Roll with It", "Boys Will Be Boys", "Nobody But You", zote ni za humo. Kwetu hapa mzigo ulikuwa unakuja na mabaharia, na watu wa Zanzibar wenye ndugu Uarabuni, kwa hiyo tulipata toleo la nje ya Marekani, na tulilipata kabla ya Wamarekani wenyewe.

Mwaka 1997 Jive wakaona sasa nyumbani kumeiva. Hapo ndipo wakafanya kitu ambacho mpaka leo kinawagombanisha watu kama wewe na mpwa wako. Tarehe 11 Agosti 1997 dunia ikapewa albamu ya pili, Backstreet's Back. Kesho yake, tarehe 12, Marekani ikapewa albamu "ya kwanza", nayo ikaitwa Backstreet Boys kama ile ya Ulaya. Ndani yake wakachota nyimbo 6 za albamu ya 1996 na 5 za hiyo ya pili, wakachanganya, jumla 11. Nyimbo 7 za mwanzo wakaziacha nje. Mimi naiita pilau ya viporo. Tamu, siwezi kukataa, imethibitishwa mauzo ya nakala milioni 14 kule kwao. Lakini pilau ya viporo.

Kwa hiyo kuna albamu mbili zenye jina moja, bendi moja, lebo moja, zimepishana mwaka na miezi mitatu. Mpwa anaangalia moja, wewe umeshika nyingine.

Limebaki hilo la "As Long As You Love Me". Wimbo huo kweli ni wa 1997, hapo kijana kakubana. Naomba ufanye jambo moja. Ichukue kaseti, itazame juu, ule upande ambao mkanda hauonekani. Kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kulia kimoja kushoto. Rafiki yako kama alirekodi kwa kuithamini angevivunja ili mtu asirekodi juu yake. Niambie viko au havipo. Kama havipo, niambie kama kuna kitu kimebandikwa. Na wimbo huo wa mwisho, sauti yake ni sawa na nyingine?

---

Shangazi_Ngamiani

Fundi shikamoo. Nimekusoma mara mbili, mara ya pili nimemsomea mpwa kwa sauti. Amenyamaza lakini hajakubali.

Nimeitazama. Vijino havipo vyote viwili. Cha kushoto ni tundu tupu. Cha kulia kuna selotepu, imekuwa ya njano na ina vumbi pembeni. Nimejaribu kuibandua kwa ukucha, haitoki.

Na sauti si sawa. Huo wa mwisho uko mbali, una mshindo wa upepo nyuma, kama umerekodiwa chooni. Unaanza tayari wameshaimba maneno mawili matatu. Na ukiisha kuna mwanaume anasema "...na huo ndio" halafu tak! imezimwa.

---

Fundi_Dabodeki

Marahaba mwalimu. Kwisha habari.

Albamu ile ya 1996 inaingia kwenye kaseti ya dakika 60, nyimbo saba upande A, sita upande B, na mwisho wa B panabaki uwazi wa dakika kama tano. Mimi uwazi ule nilikuwa nauuza: nilimwekea mteja wimbo wa nyongeza, akafurahi, akarudi. Rafiki yako hakuweka kitu, akavunja vijino. Baada ya hapo mtu akabandika selotepu juu ya tundu, deki ikadanganyika ikakubali kurekodi, akaweka wimbo kutoka redioni. Huyo mwanaume ni mtangazaji. Na mtu huyo alichelewa kubonyeza, ndiyo maana mwanzo umekatika. Vidole viwili kwa wakati mmoja, REC na PLAY, si kila mtu aliweza.

Sasa fikiria ni nani nyumbani kwenu aliyekuwa na selotepu na mapenzi na Backstreet.

---

Bamburi_Beach_Boy

Salaam kutoka Mombasa. Nimepita tu lakini hii mada imenigusa moyo wallahi.

Mwaka 1996 nilikuwa hoteli moja huku Bamburi, kwenye timu ya kuchezesha wageni. Asubuhi mazoezi ya majini, jioni michezo ya watoto, usiku disko. Wageni wetu asilimia kubwa walikuwa Wajerumani. Na wale mabinti wao wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, kila mmoja alikuja na gazeti la BRAVO kwenye begi na picha za hawa watu zimebandikwa mpaka kwenye chupa ya maji. Mimi sikuwa nawajua. Nilidhani ni timu ya mpira.

Binti mmoja akaniletea kanda kwenye disko la watoto, akaniambia weka hii. Nikaweka "Get Down". Yaa Rabbi. Watoto walipiga kelele hadi meneja akatoka ofisini kuangalia kama kuna mtu ametumbukia kwenye bwawa. Tangu siku hiyo kila usiku saa mbili unusu lazima "Get Down", na mimi mbele nikiwafundisha hatua ambazo walizijua kunishinda. Familia ilipoondoka binti akaniachia ile kanda. Orijino, si ya kurekodi. Ninayo hadi leo, jalada limepauka kwa jua lakini maandishi yanasomeka.

Nimeitoa sasa hivi kwenye droo. Nyimbo 13 kama Fundi alivyosema, wa kwanza "We've Got It Goin' On", wa mwisho "Nobody But You". Hamna "Everybody", hamna "As Long As You Love Me". Na pale chini pamechapishwa mwaka kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, 1996. Mwalimu, muonyeshe kijana.

Fundi, kitu kimoja nikusahihishe kwa heshima. Umesema Ujerumani kama ni bahati tu. Mimi niliwaona wale watoto. Kule walikuwa na televisheni ya muziki, VIVA, ya Kijerumani yenyewe, na lile gazeti, na Take That, bendi ya wavulana ya Uingereza, walikuwa wametangaza kuvunjika Februari 1996. Watoto walikuwa na msiba! Binti mmoja alikuja na fulana ya Take That akaondoka anataka ya Backstreet. Kiti kilikuwa wazi, hawa wakakikalia.

---

Fundi_Dabodeki

Bamburi, hapo nimekubali. Hilo la Take That sikuliunganisha.

Nawe umenikumbusha kisa. Kuna baharia aliniletea CD aliyonunua Las Palmas, visiwa vile vya Wahispania. Nikairekodi bila kuisikiliza yote, nikamuuzia dada mmoja wa Ilala. Kesho yake karudi amefura, anasema kaseti yangu imeharibika, wale vijana wanaongea lugha ya majini. Kuiweka nasikia "Nunca Te Haré Llorar". Kumbe waliimba tena "I'll Never Break Your Heart" na "Anywhere for You" kwa Kihispania kwa ajili ya soko la Uhispania na Amerika ya Kusini, zikapachikwa kwenye toleo la huko. Nilimrudishia hela. Baada ya wiki akaja tena anaitaka ileile, dada zake wameipenda. Nikamuuzia kwa bei ya juu.

---

MamaBukavu_Montreal

Jambo wote. Mimi ni wa Bukavu, naishi Montréal miaka mingi. Niruhusuni niseme kidogo juu ya Kanada maana mnaisahau kila mara.

Kanada tulipata ile ya 1996, ile ya Ulaya, si ile ya Marekani. Na huku Québec ndiko walikopendwa kwanza kwa bara hili lote. Nilikuwa nimefika, najifunza baridi, nafanya usafi kwenye jengo moja jioni, na binti za mwenye jengo walikuwa wanaziimba kwa Kiingereza chenye Kifaransa ndani. Wakati huo ukivuka mpaka kwenda Vermont au New York, mwendo wa saa moja tu, hakuna anayewajua.

Halafu 1997 ikaja ile "Everybody", ile yenye video ya jumba la mazimwi. Sikieni kichekesho. Maneno yake yanasema Backstreet wamerudi. Wakubwa wa lebo wakasema, hapana, Marekani hii ndiyo albamu yao ya kwanza, watu watauliza wamerudi kutoka wapi? Wakauacha nje ya albamu ya Marekani. Lakini redio za huku zinavuka mpaka, haziombi viza. Wamarekani wa karibu na mpaka wakausikia kwetu, wakaanza kuudai kwenye redio zao. Mwaka 1998 wakauongeza kwenye nakala mpya za albamu ileile, na ukafika nafasi ya 4 kwa Billboard. Kwa hiyo hata ile ya Marekani ziko mbili, yenye "Everybody" na isiyo nayo. Mpwa aulizwe yake ni ipi.

---

Mtoto_wa_Sinza

Haya nimesalimu amri. Lakini swali: kwa nini wasingewapa Wamarekani ile ya 1996 kama ilivyo? Si ilikuwa tayari? Na hela zote hizo za albamu tatu nne zilikwenda kwa nani?

---

Fundi_Dabodeki

Swali la kwanza ni la biashara. Kufikia katikati ya 1997 nyimbo za Sweden zilikuwa zimekomaa. Ukisikiliza "Roll with It" halafu "As Long As You Love Me" unasikia mwaka mzima wa kujifunza katikati yao. Kwa nini umpelekee mteja mpya ndizi za juzi wakati za leo ziko kwenye toroli? "Quit Playing Games", ile yenye ubeti wa Nick, ilifika nafasi ya 2 Marekani, na walitaka albamu isiyo na wimbo wa kurukwa. Kama mfanyabiashara nawaelewa. Kama msikilizaji, "Just to Be Close to You" kuiacha nje ni dhambi, na hapo sibishani na mtu.

Na haikuwa mara moja. *NSYNC, bendi nyingine ya wavulana, nao wa Orlando, na tajiri aliyewasimamia ni yuleyule, namtaja hapo chini. Albamu yao ya kwanza ilitoka Ujerumani Mei 1997, Marekani ikaipata Machi 1998 ikiwa na nyimbo zimebadilishwa, wakaongeza "God Must Have Spent a Little More Time on You". Njia ileile, basi lilelile.

Swali la pili lina uchungu. Tajiri huyo ni Lou Pearlman. Kwenye mkataba alikuwa analipwa kama meneja na pia kama mwanachama wa sita wa bendi, mtu ambaye hata kuimba haimbi. Brian alianza kumshtaki 1998, wenzake wakafuata. Mwaka huohuo Brian alifanyiwa upasuaji wa moyo, na Denniz PoP wa Stockholm akafa kwa kansa, Agosti, hata miaka 40 hajafika. Pearlman baadaye alikamatwa kwa utapeli mwingine mkubwa kabisa, 2008 akahukumiwa miaka 25, akafia kifungoni 2016.

Mimi kwenye kibanda changu sikumpelekea Pearlman hata senti, wala wale vijana. Hilo nimelifikiria siku nyingi na sina la kujitetea.

---

Bamburi_Beach_Boy

Fundi usijitese, hata mimi nililipwa mshahara wa kucheza "Get Down" miaka mitatu bila kumuuliza mtu.

---

Shangazi_Ngamiani

Wadau nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani ya kujipima.

Nimemwekea mpwa picha ya maneno ya Bamburi, na maelezo ya Fundi, na ya mama wa Montréal. Akasoma yote kimya akiwa amelala kwenye mkeka. Mwisho akasema, "Sawa shangazi, albamu ya kwanza ni ya 1996." Nikafurahi. Kisha akainuka akakaa. "Lakini hujajibu swali la Fundi. Selotepu alibandika nani?"

Nikamwambia sijui, labda wadogo zangu.

Akaniomba niicheze tena ile ya mwisho. Tukaicheza. Tukakaza masikio wote wawili. Ule mshindo wa nyuma si upepo, fundi. Ni mashine ya kusagia nafaka ya jirani yetu wa zamani, kule Ngamiani tulikokuwa tunakaa, ilikuwa inawashwa kila siku saa kumi jioni. Na kabla tu mtangazaji hajakatwa, kwa mbali sana, kuna mtu anaita. Tumeirudisha mara sita. Ni mama. Anaita jina langu, anasema nitoke nikaanue nguo mvua inakuja.

Ilikuwa likizo ya kidato cha nne, 1998. Nilikuwa nimeweka redio kaseti ya jirani mbele ya redio ya baba, spika kwa maiki, na nimeshika pumzi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Selotepu ilikuwa ya kufunika daftari.

Mama nimempelekea simu jana jioni akasikiliza. Akasema, "Na hizo nguo hukuzianua."

Kuhusu kuku: mpwa amesema mwaka ni wa kwangu lakini ushahidi niliuchafua mwenyewe, kwa hiyo kila mtu alipe nusu. Mimi nimesema selotepu haibadilishi tarehe ya Mei 1996. Tumekubaliana yeye analipa kuku, mimi nalipa chipsi na soda, na mama anapewa paja.

Bamburi, ukipata nafasi piga picha ya hilo jalada uliweke hapa. Nataka kuliona la orijino lilikuwaje, mimi nimelijua la peni ya bluu tu.

---

Bamburi_Beach_Boy

Kesho asubuhi mamangu, saa hizi taa ya humu ndani ni hafifu. Na nitaliweka na lile gazeti la BRAVO, nalo ninalo.